Visima vinne kando ya dampo: niangalie nini kwenye ripoti?

Swali la msomaji: "Mimi ni mwalimu na pia mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa wetu. Tunaishi kama mita 400 kutoka dampo la taka, na tunatumia kisima kirefu chenye pampu. Wenye dampo wamechimba visima vinne vya uchunguzi, na kila mwaka wanatuletea ukurasa mmoja unaosema maji yamepimwa na yako ndani ya viwango. Tangu mwaka jana maji yetu yana ladha ya chumvichumvi. Je, visima vinne vinatosha? Na nikipewa ripoti yao kamili, niangalie nini?"

Mwalimu, nakushukuru kwa kuuliza, maana watu wengi huipokea karatasi ya namna hiyo na kuiweka kwenye faili. Jibu fupi ni hili: idadi ya visima peke yake haikuambii kitu. Visima vinne vinaweza kutosha kwa dampo dogo lililokaa juu ya mchanga wa aina moja. Visima ishirini navyo vinaweza kupitwa na uchafu pasipo hata kimoja kuugusa. Kinachoamua ni kama visima hivyo vimesimama kwenye njia ambayo maji yanapita. Kwa hiyo karatasi ya kwanza ya kudai si ile ya maabara. Dai ramani inayoonyesha maji ya ardhini yanatoka wapi na kwenda wapi chini ya dampo lile, pamoja na vipimo vilivyotumika kuichora. Wasipokuwa nayo, maneno "ndani ya viwango" yanahusu maji yaliyokuwa kwenye bomba lao siku ile. Ya kisima chenu hayajaguswa.

Wengi hudhani maji ya ardhini yamekaa kimya kama ziwa lililofunikwa. Yanatembea, tena muda wote, yakipenya katikati ya chembe za mchanga au kwenye nyufa za mwamba, kutoka penye usawa wa juu kwenda penye usawa wa chini. Mara nyingi hufuata mteremko wa ardhi kuelekea bondeni au mtoni, lakini nimeona sehemu nyingi ambapo yanakata pembeni kabisa, kwa sababu tabaka la udongo wa mfinyanzi huko chini linainama upande mwingine. Macho hayatoshi. Lazima upime.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu. Unateremsha kisimani utepe wenye kihisi nchani, na kihisi kikigusa maji utepe unalia. Unasoma kina kuanzia kwenye alama iliyochongwa ukingoni mwa bomba, unarudia mara ya pili, unaandika. Kisha unachukua mwinuko wa ile alama, uliopimwa na mpima ardhi, unaondoa kina ulichosoma. Kinachobaki ndicho usawa wa maji.

Tuchukue visima vitatu visivyokaa kwenye mstari mmoja. Kisima A kina alama kwenye mwinuko wa mita 52.40, na maji yako mita 8.15 chini ya alama. Kisima B kina mwinuko wa 50.10 na kina cha 6.45. Kisima C kina 51.30 na 8.25. Mtu akiangalia vina peke yake atasema B ndicho chenye maji ya juu, na kwamba A na C vinalingana. Fanya hesabu sasa: A ni 44.25, B ni 43.65, C ni 43.05. Maji ya A yako juu ya yale ya C kwa mita 1.20, na B kipo katikati yao. Chora mstari kutoka A hadi C, weka nukta katikati yake. Hapo usawa ni 43.65, sawasawa na B. Unganisha nukta hiyo na B, umepata mstari wa usawa mmoja. Maji yanaukata mstari huo kwa pembe mraba, yakitoka upande wa A kwenda upande wa C. Kwa penseli na rula unaweza kuirudia kazi hiyo mwenyewe mezani, na nakuomba uirudie kwa kutumia vipimo vyao.

Ukishapata vipimo, angalia mambo mawili kabla ya kuviamini. La kwanza, visima vyote vilipimwa siku moja? Kisima kilichopimwa kabla ya mvua kubwa hakiwezi kulinganishwa na kilichopimwa wiki mbili baadaye. La pili, mwinuko wa alama ulipimwa lini mara ya mwisho? Swali hili linaonekana dogo. Nitakueleza kwa nini siliachi.

Miaka kadhaa iliyopita nilipitia kumbukumbu za dampo moja lenye visima sita. Kimojawapo kiliandikwa kuwa ndicho cha upande wa juu wa mkondo, yaani kipo mahali maji yanapoingia kabla hayajapita chini ya taka, na kwa hiyo maji yake ndiyo yaliyotumika kama kielelezo cha hali ya asili. Vingine vyote vililinganishwa nacho na kila mwaka vilionekana safi. Nilipofika nikaona bomba la kisima kile ni jipya kuliko mengine. Mlinzi akaniambia lori lililigonga, likakatwa pale lilipopasuka na kufungwa kifuniko kingine. Tulipolipima upya, ukingo ulikuwa umeshuka sentimita 38, lakini kwenye jedwali mwinuko ulibaki ule ule wa zamani. Kwa hiyo kwa miaka yote ile usawa wa maji pale ulikuwa unahesabiwa juu zaidi ya ulivyo kwa sentimita 38. Mahali penye mteremko mdogo, sentimita hizo zinatosha kugeuza mishale yote kwenye ramani. Kisima "cha juu" kilikuwa cha chini. Maji yaliyoitwa ya asili yalikuwa yameshapokea uchafu wa dampo, na visima vingine vilionekana safi kwa kuwa vililinganishwa na uchafu. Hakuna aliyedanganya, na maabara ilifanya kazi yake vizuri. Mtu mmoja tu hakupima bomba upya, na watu wa upande ule waliendelea kunywa.

Hata ramani iliyochorwa vizuri haikai hivyo milele. Mkondo unaweza kugeuka kati ya kiangazi na masika, hasa karibu na mto unaojaa na kupungua, ndiyo maana napenda kuona vipimo vya usawa vya angalau misimu yote ya mwaka mzima. Dampo lenyewe pia linaweza kubadili njia ya maji. Mvua inayopenya kwenye taka hukusanyika na kutengeneza kichuguu cha maji chini ya dampo, na kutoka hapo maji husambaa pande zote, hata upande uliodhaniwa kuwa wa juu. Kisha kuna pampu. Kisima kinachovutwa sana hushusha usawa wa maji kuzunguka na kuyaita maji ya jirani. Hapa, Mwalimu, ninasema juu ya kisima chenu. Kikifanya kazi saa nyingi kila siku, kinaweza kuwa kimeanza kuvuta maji kutoka upande ambao zamani yalikuwa hayaji. Waulize kama ramani yao imehesabu kisima chenu. Nadhani utakuta hakimo.

Halafu kina. Ramani ni picha bapa, lakini maji yanapanda na kushuka pia. Kisima cha uchunguzi hupokea maji kwenye kipande chake chenye matundu tu, na kipande hicho kwa kawaida kina urefu wa mita 1.5 hadi 3. Kama uchafu unapita mita kumi chini ya matundu, kisima hicho kitatoa maji mazuri miaka yote. Viyeyushi vizito vya kusafishia mashine na nguo huzama kwenye maji. Petroli na mafuta huelea juu. Kwa hiyo mahali pa maana huwekwa visima viwili au vitatu karibu karibu, kila kimoja na kina chake. Ukilinganisha usawa wao unajua kama maji hapo yanashuka au yanapanda. Ninyi mna kisima kirefu. Ikiwa visima vyao vinne vyote ni vifupi, vinapima maji tofauti na mnayoyanywa.

Ikiwa chini ya dampo ni mwamba wenye nyufa, au mawe ya chokaa yenye mapango, mambo ni magumu zaidi. Huko maji hufuata njia chache kama mabomba, na kisima kilichochimbwa hatua tatu kutoka kwenye ufa mkuu hakipati kitu. Huko chemchemi na visima vya watu huwa mashahidi wazuri kuliko kisima kipya, na visima vinne ningevihesabu kuwa mwanzo tu.

Sasa mwendo. Mhandisi Mfaransa Henry Darcy alionyesha mwaka 1856, kwa majaribio ya kupitisha maji kwenye mchanga, kwamba maji hupita kwa kadiri ya wepesi wa udongo kupitisha na kadiri ya mteremko wa usawa wake. Hadi leo tunatumia hesabu hiyo. Zidisha upenyezaji kwa mteremko, gawanya kwa sehemu ya udongo ambayo ni nafasi wazi. Mchanga safi unaweza kuwa na upenyezaji wa mita 10 kwa siku. Mteremko ukiwa mita moja kwa kila mita 100, na nafasi wazi robo ya ujazo, unapata sentimita 40 kwa siku, karibu mita 146 kwa mwaka. Kwa mita 400 zenu ni kama miaka mitatu kasoro. Udongo mzito wa mfinyanzi wenye upenyezaji wa mita 0.0001 kwa siku, kwa mteremko ule ule, husogeza maji kama milimita moja au mbili tu kwa mwaka. Ndiyo maana nasema hakuna anayeweza kukuambia "mita 400 ni mbali, msiwe na wasiwasi" kabla hajakuambia ardhi yenu ni ya nini. Hesabu hiyo ndiyo pia inayopanga mara ngapi sampuli zichukuliwe: penye mchanga, mwaka mmoja kati ya sampuli na sampuli ni muda ambao uchafu unaweza kuvuka kisima na kwenda zake mita 146.

Nikupe picha ya kinachotembea. Mvua na unyevu wa taka zenyewe hupita kwenye takataka na kutoka chini ukiwa mchuruziko mweusi au wa kahawia, wenye chumvi nyingi, amonia nyingi, mabaki ya vitu vinavyooza, na kiasi kidogo cha kemikali za viwandani na majumbani. Dampo la kisasa huwa na udongo ulioshindiliwa na utando wa plastiki chini yake, pamoja na mabomba ya kukusanya mchuruziko. Madampo ya zamani mengi hayana chochote. Dampo la Norman huko Oklahoma, Marekani, lilipokea taka kuanzia 1922 hadi 1985 bila utando, na wanasayansi wamefuatilia kwa miaka mingi jinsi mchuruziko wake ulivyoingia kwenye mchanga wa bonde la mto na kutengeneza ulimi wa maji machafu uliorefuka kufuata mkondo. Neno ulimi linafaa. Uchafu haupanuki kama duara. Huwa mwembamba na mrefu, na ukichimba visima viwili vilivyoachana sana unaweza kupita katikati yake.

Vilivyomo kwenye ulimi huo havitembei pamoja. Kloridi, ile ya chumvi, haishikwi na udongo wala kuliwa na vijidudu. Inakwenda na maji hatua kwa hatua, kwa hiyo hufika mwanzo. Boroni hufuata kwa karibu. Amonia hushikwashikwa na chembe za mfinyanzi na kuchelewa. Risasi na zinki mara nyingi hukwama karibu na dampo. Kwa sababu hiyo, ripoti inayojaza ukurasa kwa risasi, zebaki na kadimi, zote "hazikuonekana", huku ikiacha kloridi, amonia, boroni na upitishaji umeme wa maji, imewatafuta wageni watakaofika mwisho na kuwaacha wanaotangulia. Upitishaji umeme ndio ninaoupenda kuliko vyote kwa kazi ya kila siku, kwani hupimwa papo hapo kwa kifaa cha mkononi na hupanda pamoja na chumvi.

Kisha kuna mabadiliko yanayofanywa na vijidudu ardhini. Wanapokula uozo uliomo kwenye mchuruziko, wanamaliza kwanza oksijeni iliyoyeyuka, kisha naitreti, kisha wanaanza kutumia manganisi na chuma vilivyokuwa vimegandia kwenye mchanga, kisha salfeti, na mwisho kabisa hutoka methani. Matokeo yake ni kwamba kisima kilichofikiwa na mchuruziko kinaweza kuonyesha naitreti karibu sifuri. Aliyezoea kuona naitreti kama alama ya uchafu atafurahi, wakati chuma na manganisi vinapanda pembeni yake. Chuma hicho kinapoyeyuka huachia pia aseniki ambayo ardhi ilikuwa nayo tangu zamani. Nimesikia wenye dampo wakijitetea, kwa haki, kwamba hawakuwahi kupokea taka zenye aseniki. Ni kweli. Lakini taka ndizo zilizobadilisha maji mpaka ardhi ikaiachia, na Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango chake kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita tu. Iombe ipimwe.

Gesi nayo isisahauliwe. Gesi ya dampo hupita kwenye udongo mkavu juu ya maji, na haijali mkondo unaelekea wapi. Inaweza kupeleka kemikali zinazoruka hewani, yaani zinazogeuka mvuke kwa urahisi, hadi kisima cha upande wa juu. Ukiona kemikali hizo kwenye maji lakini kloridi haijapanda hata kidogo, fikiria gesi kabla ya kufikiria mchuruziko, maana tiba zake ni tofauti.

Sasa twende kisimani, kwa sababu sampuli mbovu huharibu yote niliyosema. Maji yaliyosimama ndani ya bomba kwa miezi si maji ya ardhini tena. Yamepumua hewa, yamepoteza gesi, yameota kutu. Fundi anayetupa kopo la kuchotea, akalivuta na kujaza chupa, amekuletea maji ya bomba lile. Njia ninayoiamini ni pampu ndogo iliyoteremshwa hadi usawa wa matundu, inayovuta polepole, desilita moja hadi nusu lita kwa dakika, huku utepe ukiangalia kwamba maji hayashuki kisimani. Maji yanapita kwenye kikombe chenye vihisi, na kila dakika tatu hadi tano unaandika. Upitishaji umeme unaweza kuanza 1,240, ukaja 1,180, kisha 1,151, 1,146, 1,149. Vipimo vitatu mfululizo vikitofautiana kwa chini ya asilimia 3, na pH, yaani kipimo cha asidi, kwa chini ya 0.1, na kiasi cha tope majini kimetulia, hapo ndipo chupa ya kwanza inafunguliwa. Chupa za kemikali zinazoruka hewani hujazwa mwanzo, mpaka maji yafure mdomoni, na zikishafungwa unazipindua na kuzigonga kwa kidole: kiputo kikionekana, unamwaga na kuanza upya. Chupa ya metali huchujwa pale pale kisimani na kutiwa asidi. Ukitaka kujua kwa nini, iache moja bila asidi juani. Maji yaliyotoka meupe kama kioo yanaanza kugeuka rangi ya chai mbele ya macho yako. Chuma kinaganda, kinashuka chini na kukumbatia aseniki, na maabara ikichuja baadaye itasoma kidogo kuliko kilichokuwa kisimani.

Kwenye ripoti kamili kuwe na fomu za kazi hiyo: saa, kina, vipimo vya kutulia, jina la chupa, siku ilipofika maabara. Kuwe na chupa moja ya maji safi iliyosafiri pamoja na nyingine, ili ijulikane kama uchafu uliingia njiani, na sampuli moja iliyorudiwa pasipo maabara kujua. Fomu zisipokuwepo, mimi husoma majibu yale kama uvumi.

Ukifika kwenye namba zenyewe, usianze na safu ya "kiwango kinachoruhusiwa". Soma kisima kimoja kimoja kwa miaka yote. Tuseme kloridi ilikuwa 18, 21, 19, 24, 31, 42. Maji ya kunywa huanza kuonja chumvi kloridi ikifika karibu miligramu 250 kwa lita, kwa hiyo kila mwaka karatasi itasema "ndani ya viwango" na itakuwa inasema kweli. Lakini kisima hicho kinapaza sauti. Kazi ya kisima cha uchunguzi ni kuonya mapema. Ukisubiri hadi kiwango cha maji ya kunywa kivunjwe pale, umekigeuza kuwa kisima cha kuthibitisha msiba. Chora grafu kwa mkono, mwaka chini na namba pembeni, moja kwa kila kisima. Utaona mambo ambayo jedwali linaficha.

Nikulinde pia dhidi ya hofu ya bure, kwa sababu nayo inaumiza watu. Maji ya asili hupandapanda na kushuka. Visima kumi vikipimwa vitu kumi, hayo ni majaribio mia. Hata kama kila moja lina nafasi ya asilimia 1 tu ya kutoa king'ora cha uongo, uwezekano wa kupata angalau king'ora kimoja kwenye duru moja ni kama asilimia 63, bila uchafu wowote kuwepo. Kwa hiyo namba moja iliyoruka haitoshi kumshtaki mtu. Inatosha kudai sampuli irudiwe haraka, na irudiwe kwa njia ile ile. Kipimo kikirudi juu tena, na kikaja na wenzake, yaani kloridi na boroni na upitishaji umeme vikipanda pamoja huku oksijeni ikishuka, hapo hakuna tena cha kusubiri. Na ili ujue kipi ni cha kawaida, kila kisima kinahitaji historia yake. Angalau sampuli nane zilizochukuliwa kwa nyakati tofauti ndizo mimi huanza kuziita historia. Kwa sampuli moja kwa mwaka, hiyo ni miaka minane.

Kuhusu sheria, angalia za nchi yenu, ila nikupe mizani. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1999 yanataka angalau kisima kimoja upande maji yanakoingia na viwili upande yanakoelekea baada ya kupita chini ya taka, na usawa wa maji upimwe kila miezi sita. Kanuni za Marekani za 1991 kwa madampo ya taka za mijini hazitaji idadi. Zinataka visima vya kutosha kwa idadi, mahali na kina, sampuli kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, na uangalizi uendelee miaka 30 baada ya dampo kufungwa. Visima vyenu vinne vinapita kwa hesabu ya Ulaya. Kipimo kimoja kwa mwaka ndicho kinachonitia shaka.

Turudi kwenye ladha ya chumvi. Kama ulimi wenu umeigundua, kloridi inaweza kuwa tayari imefika mia kadhaa, na hilo ni kubwa kwa kisima kilichokuwa kitamu. Dampo ni mshukiwa, lakini si peke yake. Pampu inayovuta kupita kiasi inaweza kupandisha maji ya chumvi kutoka matabaka ya chini, na karibu na bahari chumvi huingia kwa njia hiyo hiyo. Vyoo vya shimo huleta kloridi pamoja na naitreti na vijidudu vya kinyesi. Dampo hujionyesha kwa kundi: kloridi, boroni, potasiamu, amonia, chuma na manganisi kupanda, oksijeni na naitreti kushuka. Kwa hiyo pelekeni sampuli ya kisima chenu maabara isiyo ya wenye dampo, mpime kundi hilo zima pamoja na aseniki na vijidudu, na kemikali zinazoruka hewani ikiwa mfuko unaruhusu. Tumieni chupa zinazotoka maabara yenyewe, zenye asidi yake tayari, na msizisuuze.

Msikae mkisubiri majibu. Tafuteni kifaa cha mkononi cha upitishaji umeme, kiwekwe mikononi mwa mtu mmoja wa kamati, apime kila Jumatatu baada ya pampu kufanya kazi dakika kumi na tano, aandike pia saa ambazo pampu ilifanya kazi wiki hiyo na kama mvua ilinyesha. Kifaa kilinganishwe na maji ya kipimo, yaani yale ambayo upitishaji wake unajulikana, kabla ya kila matumizi. Kama kipo kitundu cha kuingiza utepe kisimani, apime na usawa wa maji asubuhi kabla pampu haijawashwa. Na iwapo kuna chanzo kingine cha kunywa, watoto wachanga na wajawazito wahamie huko hadi majibu ya aseniki na manganisi yatoke. Kuchemsha hakutoi chumvi wala metali. Kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo vinavyokolea.

Ukipata ripoti yao, nitumie vitu vitatu: jedwali la mwinuko na kina kwa kila kisima pamoja na tarehe, mchoro wa ujenzi wa kila kisima unaoonyesha matundu yako kina gani, na namba za kloridi za miaka yote. Weka na kina cha kisima chenu. Hivyo vinatosha kwa kuanzia, na nitakuchorea mishale.